Wali wa Jawahir, Magoti ya Nthoki

Kama hujawahi kuishi kwenye fleti za mtaa wa Tena, huenda hujui kwamba wali unaweza kushuka kutoka juu angani mchana kweupe na mtu asishtuke. Kwenye fleti moja ya rangi ya maziwa, wali ulishuka karibu kila siku. Wapangaji wapya waliinua vichwa wakashangaa. Wa zamani waliinua vichwa wakameza mate.

Mambo yalikuwa hivi. Nthoki, ambaye watu walimwita Mama Mutie, karani mstaafu, alikaa chini kabisa, nyumba iliyotazamana na geti. Jawahir, yaani Mama Nuradin, aliyeuza vitambaa kwa jumla mpaka mwanawe akamrithi dukani, alikaa ghorofa ya nne, juu ya kichwa cha Nthoki moja kwa moja. Fleti haikuwa na lifti wala haikuwa na ndoto ya kuwa nayo. Basi marehemu Muasya, mume wa Nthoki, ambaye alikuwa mchongaji, alichonga kapi la mti, akalifunga kwenye balkoni ya Jawahir, akapitisha kamba, akaning'iniza kikapu. Muasya alikwenda zake kwa Mungu, kapi likabaki. Kila kikapu kiliposhuka lilipiga kelele, kwiii, na Nthoki akilisikia alijua mambo mawili: kwamba mume wake alikuwa fundi kweli, na kwamba chakula kinakuja.

Sheria ilikuwa moja tu: sahani hairudi tupu. Ukiletewa sambusa, utarudisha maembe. Ukiletewa anjera, ile mikate laini ya Kisomali, utarudisha muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa yakapikwa na maharagwe mpaka yakakubali. Kurudisha sahani tupu, hata ukiisugua ikang'aa, ni kumwambia mwenzako nimeshiba, kwaheri. Ni tusi lisilohitaji mdomo. Na Nthoki aliiheshimu sheria hiyo kiasi kwamba hata kuku alimnunua kwa mchinjaji Mwislamu tu, yeye mwimba kwaya wa miaka na miaka, ili Jawahir ale bila wasiwasi. Mchungaji alijua na akanyamaza. Naye alikuwa ameshaonja zile sambusa.

Halafu goti la Nthoki likagoma.

Walimpasua, wakamwekea goti jipya la chuma, wakamrudisha nyumbani na kitembezi cha miguu minne. Nthoki alikiita Punda, kwa sababu kilitangulia mbele yake siku nzima, na kikifika kwenye ngazi kilikataa katakata. Tena wakamletea Millicent, binti wa kumfanyisha mazoezi ya viungo, mwenye mkoba mkubwa, tabasamu kubwa, na roho ya mkuu wa jela.

"Mama, goti wamekuwekea zuri," Millicent alisema siku ya kwanza, akimfinya paja bila hata kuomba ruhusa. "Lakini goti halipandi ngazi. Kinachopanda ngazi ni hii nyama ya hapa. Na yako imeyeyuka yote ukiwa kitandani."

"Sasa nitaitoa wapi nyingine?"

"Utaila. Protini, mama. Mayai, samaki, ndengu, maharagwe, maziwa, nyama. Asubuhi, mchana na jioni. Si mara moja kwa wiki kama sadaka. Wali, ugali, chapati, hao ni wageni. Wape kiti kidogo pale mlangoni."

"Na nisipofanya hivyo?"

Millicent akamwelekezea Punda kwa kidole. "Utazeeka na huyu."

Hapo Nthoki akaogopa. Si kwamba alikuwa na tamaa kubwa. Hakutaka kukimbia mbio, hakutaka kuruka kamba. Alitaka jambo moja tu duniani: kupanda ngazi mpaka ghorofa ya nne, avue viatu mlangoni kwa Jawahir, aketi kwenye yale matakia ya chini, anywe chai ya hiliki kama walivyokuwa wakifanya kila alasiri tangu watoto wao wakiwa wa shule ya msingi. Jawahir mwenyewe hakuweza kushuka. Kifua kilimbana, ngazi zikampokonya pumzi, akawa anashuka Jumamosi tu kwenda kutazama duka, na hapo Nuradin keshaanza kupiga honi getini. Wawili hao wakabaki kuambulia salamu za dirishani. Kikapu kiliweza kubeba chakula, lakini hakikuweza kubeba udaku. Udaku wa kupigiwa kelele kutoka ghorofa ya nne si udaku tena, ni tangazo la serikali.

Nthoki alimkosa Jawahir jamani. Alimkosa kama mtu anavyoikosa redio iliyoharibika: nyumba imejaa vitu na bado ni kimya.

Basi akaanza kula kwa ajili ya ngazi. Asubuhi mayai. Mchana ndengu, na hizo hazikumsumbua, Mkamba na ndengu ni ndugu tangu tumboni. Jioni omena, yaani dagaa, mpaka jirani wa ubavuni akafunga madirisha. Alikunywa maziwa lala akifumba macho. Maharagwe aliyala kwa uaminifu mkubwa hata yakamsemesha kanisani, tena wakati wa maombi ya kimya, akalazimika kukohoa kwa bidii ambayo ilimfanya mzee wa kanisa amletee maji. Muuza mayai wa kona akaacha kumwita Mama Mutie, akaanza kumwita Mama Trei. Nthoki akavumilia yote. Penye nia pana njia, na njia yake ilikuwa na vidato.

Shida ikatoka juu.

Jawahir alipoona mwenzake amerudi nyumbani na goti jipya, alifanya ambalo Jawahir yeyote angefanya: akaongeza sahani. Kapi lilipiga kwiii, kikapu kikatua, Nthoki akafunua. Wali wa binzari, kila punje imesimama peke yake. Zabibu. Viazi vya kukaanga. Ndizi mbivu ubavuni. Na chini kabisa, mapande ya nyama ya mbuzi yamejificha. Ule mvuke ulimpanda Nthoki puani ukaenda moja kwa moja kwenye akili na kuizima.

"Kijiko kimoja," aliuambia ukuta. "Cha kuonja."

Millicent alipoingia alasiri hiyo alimkuta amelala kwenye kochi, mdomo wazi, mazoezi hayajaguswa, na punje ya wali kidevuni.

"Mama, hii ni nini?"

"Hii?" Nthoki alijifuta. "Ni dawa."

"Dawa ina zabibu?"

Ukikutwa na ngozi hubishani kuhusu mbuzi.

"Kwa mwendo huu, mama, ngazi utaziona kwenye picha," Millicent alisema, na safari hii hakutabasamu.

Kesho yake Nthoki akatoka kwenye veranda yake, akashika nondo za grili, akapaaza sauti. "Mama Nuradin! Daktari amesema nipunguze wali!"

Kichwa cha Jawahir kikachomoza kule juu na shungi lake la zambarau. "Daktari gani?"

"Yule wa mazoezi!"

"Yule msichana? Ana miaka mingapi?"

"Hata thelathini hajafika!"

"Basi mwambie akue kwanza! Abaayo, dada yangu, mgonjwa anapunguziwa chakula? Anataka kukuua na njaa, tena unamlipa!"

Kutoka ghorofa ya tatu kijana mmoja akacheka. Huyo alikuwa Walter, fundi wa simu, mwenye mikono minene kama mapaja ya watu wengine, ambaye kila jioni alinyanyua vyuma kwenye balkoni yake. Kikapu kilipita mbele ya pua yake kikipanda na kikishuka. "Mathe, sikiza daktari," akasema. "Hata mimi niko kwa hiyo mambo ya protini. Hiyo basket ikipita hapa na pilau naskia kulia."

"Wewe nyamaza, hukuulizwa!" wanawake wote wawili walimwambia kwa pamoja, na siku iliyofuata sahani ilikuwa kubwa zaidi.

Sasa wewe ungefanya nini? Kukataa chakula cha Jawahir, huyo aliyekaa hospitalini kando ya kitanda chake mpaka wauguzi wakadhani ni dada yake wa damu? Haiwezekani. Kukila chote? Basi kwaheri ngazi. Nthoki aliona kinyume kilivyokaa: ili amfikie Jawahir, ilimbidi asile wali wa Jawahir. Akaliwaza jambo hilo usiku na mchana, na mwisho akapata ujanja. Ujanja wenyewe ulikuwa wa kijinga, lakini mtu aliyebanwa hachagui ujanja.

Pale getini palikuwa na soja, Wabwire, mtu wa Busia, mrefu, mwembamba, na mwenye adabu za kupindukia. Hakupita mbele ya mtu mzima bila kuvua kofia. Nthoki alimwita kwenye dirisha la jikoni, upande wa nyuma ambao balkoni ya Jawahir haiuoni. Nyama alikuwa ameshaichambua na kuila, maana nyama ni protini, na Millicent hakuikataza. Wali wote, viazi, ndizi, zabibu, vikaenda kwenye bakuli la Wabwire.

"Ni chakula cha Mama Nuradin," alimwambia. "Kimezidi."

Hapo ndipo alipokosea. Alimtajia aliyepika, akasahau kumwambia anyamaze.

Mpango ukaenda vizuri ajabu. Kikapu kilishuka, nyama ikaenda kwa Nthoki, wali ukaenda kwa Wabwire, sahani ikapanda na mayai ya kienyeji au ndengu zilizoungwa nazi, na kila mtu akafurahi. Wabwire akaanza kuwa na mashavu. Nthoki akaanza kuwa na mapaja. Punda akawa anaachwa kwenye kona huku yeye akitembea akishika ukuta, kisha bila ukuta. Millicent akampeleka kwenye ngazi, Nthoki akapanda vidato vya kwanza, akateremka, akapanda tena.

"Mama, hiyo nyama imerudi!" Millicent alipiga makofi. "Unaona? Unaona utiifu unavyolipa?"

Nthoki alitabasamu kama mtu mtiifu. Alishaanza kuwazia viatu gani atavivua mlangoni kwa Jawahir. Vile vya kahawia, visivyo na gidamu.

Jumamosi ikafika. Nuradin alikuwa anapiga honi. Jawahir aliteremka kidogo kidogo akipumua kwa nguvu, na Nthoki akasogea dirishani nyuma ya pazia apate kumsalimu. Kabla hajafungua mdomo, Wabwire alitoka kwenye kibanda chake, akavua kofia, akaishika kifuani kwa mikono miwili.

"Mama, habari ya asubuhi. Nimekuwa nikitafuta nafasi ya kukushukuru."

"Kunishukuru kwa lipi, Wabwire?"

"Kwa chakula, mama. Tangu uanze kunilisha, hata mshipi nimeongeza tundu. Ule wali wa Alhamisi! Kwetu hata kwenye harusi haujapikwa wali kama ule."

Nthoki akalishika pazia. Nyamaza, aliomba moyoni. Wabwire, mwana wa watu, nyamaza. Lakini kwao Wabwire, kula bila kumshukuru aliyepika ni wizi, na mtu wa adabu haiachi shukrani nusu.

"Ila mama, nina neno moja tu, na usinielewe vibaya. Ni hii nyama. Sijui ni uchumi? Harufu ya mbuzi naipata. Mchuzi wa mbuzi naupata. Mbuzi mwenyewe, tangu tuanze, sijawahi kumwona."

Honi ikalia tena. Jawahir hakusogea. Kisha aligeuza kichwa polepole, akalitazama pazia la Nthoki, na Nthoki akajua kwamba kitambaa hicho, alichouziwa na Jawahir mwenyewe, hakimfichi hata kidogo.

"Sisi hatupiki bila nyama, Wabwire," Jawahir alisema kwa sauti ndogo. Akaingia kwenye gari bila kusalimu.

Siku hiyo kapi halikulia. Kesho yake pia halikulia. Nthoki alipiga simu, ikaita mpaka ikachoka. Alisimama verandani akaita, "Mama Nuradin! Mama Nuradin!" na mlango wa balkoni ukafungwa kule juu, taratibu kabisa. Afadhali ungebamizwa.

Nyumbani kwake ilikuwa imebaki sahani moja ya Jawahir, ile pana yenye maua mekundu. Nthoki aliijaza sambusa za nyama alizopika mwenyewe, zikamtoka zimepinda pinda, akamwita Wabwire.

"Mpelekee. Mwambie nimekosa. Mwambie nitamweleza yote. Na wewe, tafadhali, usimweleze chochote!"

Wabwire alipanda. Alirudi na sahani vilevile ilivyokwenda, kofia mkononi, uso umemwanguka.

"Mama amesema," alianza, akasita. "Amesema sahani ukae nayo."

Kwa mtu wa mbali hilo si neno. Atasema, kwani sahani ni kitu gani, si amepata ya bure? Lakini sahani iliyokatazwa kurudi ni njia iliyofungwa. Nthoki aliipokea, akaiweka juu ya meza, akaketi akaitazama, halafu akalia. Alilia kwa uchungu na kwa aibu. Alijiona mchoyo, mwizi wa nyama, mtu aliyemgeuza rafiki yake kuwa mpishi wa soja.

Millicent alikuja akamkuta hajala.

"Mayai je?"

"Sitaki."

"Mama, umefika mbali. Ukiacha sasa, ile nyama itaondoka, tena haitaaga."

"Nilikuwa nailimbikiza ya nini?" Nthoki alisema. "Ile safari yenyewe haipo."

Millicent hakuelewa, na Nthoki hakuwa na nguvu ya kumweleza. Binti akampangia mazoezi, akamkumbusha kwamba mwisho wake ni ghorofa ya kwanza tu, asithubutu zaidi, akaondoka.

Ni Walter aliyemtoa kwenye kochi. Alipita alasiri moja akitoka kununua kuku, akamkuta Nthoki kwenye veranda, akasimama nje ya grili na mfuko wake.

"Mathe, mmekosana na mama wa juu?"

"Mambo ya watu wazima, Walter."

"Sawa. Mi sisemi kitu. Lakini jana nimeona maneno ya ajabu. Hiyo basket imeshuka pole pole, bila ile kwiii, mpaka kwa balkoni yangu. Haina kitu. Ikasimama hapo, ikaning'inia, ikaning'inia. Halafu ikarudi juu pole pole." Akajikuna kichwa. "Nilidhani nitafurahi nikikosa hiyo harufu. Haki ya Mungu sijafurahi."

Nthoki akamtazama. "Ilishuka tupu?"

"Tupu kabisa."

Nthoki akainuka. Hakushika ukuta. Akaenda jikoni, akabandika sufuria, akachemsha mayai yote ya kienyeji aliyokuwa nayo, yale Jawahir aliyoyapenda yakiwa bado na maganda na uvuguvugu. Akayapanga kwenye sahani ya maua mekundu. Akavaa viatu vya kahawia. Alipofika chini ya ngazi akamwegemeza Punda ukutani.

"Wewe ngoja hapa," akamwambia. "Huko hukujui."

Mkono mmoja ukashika reli, mwingine ukashika sahani. Mguu mzima unapanda kwanza, ule wa goti unafuata: ndivyo alivyofundishwa. Ghorofa ya kwanza akaifikia na pumzi zikiwa zake. Hapo ndipo ruhusa ya Millicent ilipoishia. Nthoki akaangalia juu, akaangalia chini, akaendelea.

Kabla ya ghorofa ya pili miguu ilianza kutetemeka. Akaketi kwenye kidato, sahani mapajani. Mayai yakamtazama. Naye Millicent si alisema mwili ukifanya kazi nzito uulishe? Yai moja halitaonekana, Nthoki aliwaza. Akalimenya, akalila, na maganda akayarudisha kwenye sahani, maana mama wa kufagia ngazi za fleti ile alikuwa moto wa kuotea mbali. Kisha akayasogeza mayai mengine yakaribiane kuziba pengo. Akainuka.

Kati ya ya pili na ya tatu akapumzika tena, na pengo likawa kubwa kidogo. Na tena, mbele kidogo.

Alipofika ghorofa ya tatu alikuwa amelowa jasho kama mfua nguo. Mlango wa Walter ulikuwa wazi. Kijana akamwona, chuma kikamponyoka mkononi kikatikisa fleti nzima.

"Mathe! Umefikaje hapa?"

"Kwa miguu."

"Ngoja nikubebe. Hizo zimebaki ni kidogo tu, nakubeba kama gunia ya viazi."

"Ukinibeba nitakuwa nimeletwa," Nthoki alisema, akihema. "Mimi nataka kufika."

Walter akafikiri, akaona ni kweli. Akaingia ndani akatoka na chumvi kidogo kwenye kiganja. "Basi piga yai, mathe. Chumvi ndiyo hii. Piga, halafu pumua kwa pua."

Akapiga. Akapumua kwa pua. Akapiga jingine. Walter alimhesabia pumzi kama kocha wa ndondi, na Nthoki akala huku macho yake yako kwenye vile vidato vya mwisho, haangalii mkono unachukua nini.

Vile vya mwisho vilimla kweli. Paja liliwaka, goti la chuma likakaa kimya kama halimo, na katikati yake alisimama akadhani ndio mwisho, atabaki pale mpaka wamfungulie duka. Akamkumbuka Jawahir akivuta kamba, kikapu kitupu kikipanda. Akanyanyua mguu. Akanyanyua mwingine. Mlango wa kijani ukawa mbele yake. Akavua viatu, akagonga.

Jawahir alifungua na mwiko mkononi. Alimwona Nthoki, akatazama nyuma yake.

"Punda yuko wapi?"

"Nimemwacha chini."

"Nani amekuleta?"

"Hakuna."

Jawahir akaegemea mlango. Nthoki akamnyooshea sahani kwa mikono miwili, kama inavyotakiwa, na maneno aliyokuwa ameyapanga tangu ghorofa ya kwanza. "Mama Nuradin, sahani hairudi..."

Akatazama chini. Kwenye maua mekundu yalikuwa maganda matupu. Hakuna yai hata moja. Ameyamaliza yote njiani.

"Ngai wakwa, Mungu wangu," Nthoki akanong'ona.

Jawahir aliyatazama maganda. "Sahani tupu ningeielewa," akasema. "Lakini abaayo, takataka?"

"Yalikuwa yako. Wallahi, mimi Mkristo naapa, yalikuwa yako yote." Nthoki akajipiga paja. "Yako humu. Na mbuzi wako wote wako humu. Nilikula nyama, nikampa Wabwire wali, kwa sababu wali haupandi ngazi, na mimi nilitaka kupanda. Nilitaka kuja kuketi na wewe. Nikakuficha, nikakosea, na nimeumia kuliko siku ya kisu."

Jawahir aliweka mwiko chini. Machozi yalimtoka bila sauti. "Mimi sikuumia kwa wali," alisema. "Wali ni mchele. Nilidhani umenichoka. Nikasema, anachukua nyama yangu, na mimi ananiachia watu wa getini. Nyumba hii tangu goti lako ligome, naongea na masufuria."

"Na mimi naongea na Punda."

Hapo Jawahir akacheka, akacheka mpaka kifua kikambana ikabidi Nthoki, mgonjwa, amshike mkono amwingize ndani na kumketisha kwenye matakia. Na yeye akaketi. Matakia yalikuwa palepale. Chai ilichemka, hiliki ikajaza nyumba, na kule chini Walter aliinusa akasema alhamdulilahi ingawa alikuwa Mkatoliki.

Jawahir alikwenda jikoni akarudi na sahani mbili. Moja ilikuwa mapande ya mbuzi matupu, yamejengwa mlima, hakuna hata punje ya wali. Akamwekea Nthoki mbele. Ya pili ilikuwa wali, na juu yake kipande cha nyama kikubwa kiasi cha kuonekana kutoka barabarani.

"Hii ni ya Wabwire," akasema. "Atamwona mbuzi ana kwa ana, aache kunitangaza."

Wakala, wakanywa, wakaanza udaku tangu mwanzo, pale ulipokatikia. Jua lilipoanza kuinama Nthoki akatazama mlango, na uso ukambadilika.

"Mama Nuradin."

"Naam."

"Millicent amenifundisha kupanda. Kushuka tumefika ghorofa ya kwanza tu."

Jawahir akatafuna polepole. Akageuka akaangalia balkoni, ambako kapi la Muasya lilikuwa limetulia kwenye reli, kamba imezungushwa vizuri, kikapu kinangoja.

"Usiwe na wasiwasi, abaayo," akasema. "Kikapu kipo."